Gurudumu Lililoacha Kulia

Wewe uliyekaa kwenye benchi la nje ya maabara, umeshika kikopo chako cha makohozi na unajifanya unasoma bango la ukutani ambalo umeshalisoma mara ishirini, karibu. Hilo benchi nalijua. Ubao wa katikati unabana, sogea pembeni. Ninaandika kwa sababu mimi nimepona, na kuna jambo moja ningependa ulijue mapema kuliko nilivyolijua mimi. Habari za vijidudu utaelezwa na wenye makoti meupe. Mimi ni mwalimu wa kwaya, nitakueleza habari za masikio.

Naitwa Yudith. Wakati ule nilikuwa nafundisha shule ya msingi, naishi Nkuhungu hapa Dodoma na mume wangu Amosi na mwanetu Joeli, na kila Jumanne na Jumamosi saa kumi jioni nilikuwa mtaa wa Kikuyu kwenye ukumbi wa kanisa nikigombana na watu thelathini kuhusu sauti. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara huria imeshazoeleka, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na simu za mkononi ndiyo kwanza zinaanza kulia hovyo hata ndani ya ibada.

Kifua kikuu kilinipata mara mbili. Mara ya kwanza nilipewa dawa, kikohozi kikakata, nikanenepa, nikajiona mzima. Nikaacha dawa kabla ya wakati. Usinitazame hivyo, najua. Ualimu wote ule na bado niliacha. Basi kikarudi, na kiliporudi hakikubisha hodi. Mara ya pili vidonge peke yake havitoshi, unachomwa na sindano kila siku kwa miezi miwili, na nikalazwa kwenye wodi nje kidogo ya mji ili nisiwaambukize wa nyumbani.

Nililazwa kipupwe kimekolea, upepo wa Dodoma unachapa madirisha utadhani unadai kuingia. Muuguzi wa wodi, Sista Agnes, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na mkono mzito wa sindano, alinikalisha kitandani akanieleza taratibu. Mwisho akasema, "Mama, hii sindano ina ukali wake. Masikio yakianza kulia, au ukipata kizunguzungu, unaniambia siku hiyohiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Sista."

Nilisikia, lakini sikusikiliza. Mimi mawazo yalikuwa kwenye kwaya. Tulikuwa tumeanza nyimbo za Krismasi mapema mwaka ule, na niliwaacha wakiwa bado wanaimba kama watu wanaosukumana mlangoni.

Mwili ulibadilika kila wiki. Mkojo uligeuka rangi ya karoti iliyokolea kuliko mara ya kwanza, nikapiga yowe chooni hadi wagonjwa wenzangu wakacheka, wao walishazoea. Makalio yalijaa mabonge ya sindano nikawa nakaa upande upande. Gauni langu la kanisani, lile ambalo nilikuwa napumua kwa mashaka nikilivaa, sasa lingetosha watu wawili. Halafu njaa ikarudi ghafla. Amosi aliniletea ugali wa uwele na mlenda kwenye hotpoti, nikala mpaka nikalamba vidole mbele ya wageni wa watu. Siku ile nililia kwa furaha, kwa sababu ya mlenda tu.

Sasa nikuambie habari za toroli. Mwenyekiti wetu wa kwaya, Mzee Elisha, alikuwa anauza nafaka Majengo, na alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Alikuwa amenunua simu yenye spika ya nje, ile unaiweka mezani na watu wote wanasikia. Jumamosi yangu ya kwanza wodini alinipigia kwenye simu ya Amosi aliyoniachia, akaiweka ya kwake katikati ya ukumbi, kwaya ikaimba. Jamani! Nilisikia sauti ya kwanza tu, wale wanaoimba juu kabisa, ndio waliokuwa karibu. Wengine walikuwa kama wanaimba kutoka Singida.

"Mzee, nisogeze kwa besi!" nikapiga kelele. "Sasa kwa sauti ya pili! Sasa nirudishe!"

Akawa anakimbia na simu mkononi, mzee wa watu, mpaka nikasikia anahema kuliko mimi mgonjwa wa kifua. Jumanne iliyofuata alikuja na ufumbuzi. Shirika moja la umma lililofungwa lilikuwa limepiga mnada vyombo vyake vya ofisi, na yeye alinunua toroli la chai, lile la magurudumu manne la kusukuma vikombe kutoka ofisi hadi ofisi. Wakaiweka simu juu yake, chini wakatandika kitenge changu nilichokuwa nimekisahau ukumbini, na Fidelis wa besi akapewa kazi ya kusukuma.

Basi nikawa na miguu. Gurudumu moja la toroli lilikuwa linalia, nyii, nyii, nyii, sauti nyembamba ya kuudhi. Nikiwa nimekaa barazani pa wodi na shuka begani, nikisikia nyii nyii nilijua naondoka kwa sauti ya kwanza naelekea kwa sauti ya pili. Likinyamaza, nimefika. Nilikuwa napita mbele ya watu wangu mmoja mmoja. "Neema, fungua mdomo, hiyo ni sala siyo siri." "Huyo anayeburuza mwisho wa mstari namjua, sitaji jina." Kujaribu kuwapigia mapigo nilishindwa, maana nikigonga kikombe kwa kijiko, mlio ulifika kwao umechelewa, na wao wakaufuata, na mimi nikawafuata wao, tukawa tunapunguza mwendo mpaka wimbo ukalala kabisa.

"Mgogo hata kwenye simu anachelewa!" Fidelis akasema, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Fidelis ni Mhehe, mimi Mgogo, sisi ni watani tangu enzi za mababu. Kila nilichosema alikuwa nacho cha kunijibu. Eti nimejilaza hospitali ili nipate kuombaomba kwa kisingizio, kama Wagogo tunavyosemwa. Mimi nikamwambia asikae karibu na mbwa wa kanisa, Wahehe wanasifika kwa kuwala, na sisi tunahitaji mlinzi. Wanaotujua wanajua kwamba siku Fidelis alipofiwa na mama yake, aliyemlaza na kumlisha nilikuwa mimi. Mtani ndiye anayeruhusiwa kukuambia lolote, na ndiyo maana unampenda.

Waliokuja wapya kwenye kwaya hawakuwahi kuniona uso. Walikuwa wanaingia ukumbini wanalisalimia toroli, "Shikamoo Mwalimu," nami naitikia marahaba kutoka kitandani. Mama mmoja alinimiminia chai akaiweka pembeni ya simu, akasema haiwezekani wote wanywe Mwalimu atazame. Fidelis aliinywa kwa niaba yangu.

Nyumbani hapakuwa na kicheko hicho. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini kumlea Joeli, na jambo la kwanza alilofanya ni kutenga kikombe changu na sahani yangu juu ya kabati, kwenye mfuko. Sikuwepo, lakini Joeli aliniambia. Na Amosi, ambaye alikuwa anaendesha baiskeli kutoka Nkuhungu kila jioni baada ya kazi kwenye ule upepo, siku moja alikaa kwenye benchi la wageni, amevaa barakoa, akanitazama muda mrefu.

"Mama Joeli," akasema, "na kwaya unaongea saa nzima. Na mimi unaniuliza kama mbuzi wamekula."

Kweli nilikuwa nafanya hivyo. Ukiniuliza leo nitakuambia kwamba kwa Amosi nilikuwa mgonjwa, na kwa kwaya nilikuwa Mwalimu, na kila mtu hukimbilia pale anapoitwa jina zuri. Lakini siku ile nilinuna tu, naye akapanda baiskeli yake akaondoka. Kesho yake alirudi na hotpoti kama kawaida.

Wiki ya tatu ya sindano, masikio yakaanza kulia.

Ulikuwa mlio mwembamba, kama nyenje aliyejificha ndani ya kichwa. Nikisimama ghafla ukuta ulikuwa unasogea, nikawa natembea nimeshika vitanda. Nilijua. Nataka uelewe hapo: nilijua. Sista Agnes aliniuliza kila Jumatatu, "Masikio vipi, Mama?" na mimi kila Jumatatu nikamjibu, "Salama, Sista." Nilikuwa nimeapa. Mara ya kwanza niliacha dawa, nikaadhibiwa. Safari hii nilisema sitaacha hata sindano moja, hata ikiniua. Tena nilikuwa naogopa kwamba nikisema, watanianzishia kitu kingine na nitakaa wodini mpaka Krismasi ipite. Kwa hiyo nikanyamaza, nikajiona jasiri. Ujinga mtupu.

Simu nayo ikaanza kunikera. Nikawa nawaambia mtandao mbovu, nisogezeni karibu zaidi. Fidelis akanisogeza. Nikawaambia zaidi. Sauti ya kwanza nilikuwa naisikia kwa mbali, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi, na niliona aibu kuuliza mara ya tatu, kwa hiyo nikawa nasema, "Safi, endeleeni."

Jumamosi moja Fidelis alikuwa ananisukuma, nami nikashtuka kusikia sauti ya pili inaanza bila mimi kusikia nyii nyii ya safari.

"Eh! Afadhali," nikasema. "Hatimaye mmelipaka mafuta hilo gurudumu. Lilikuwa linanitoboa masikio."

Nilifikiri simu imekatika.

"Haloo?"

"Tupo, Mwalimu," Fidelis akasema. "Eeh. Tumelipaka."

Kuanzia siku hiyo kwaya ilikuwa nzuri ajabu. Waliimba kwa nguvu, walijibu haraka, hakuna aliyebisha. Sikugundua kwamba hakuna aliyenitania pia. Wiki ikapita, na ya pili. Nilikuwa namwambia Sista Agnes kwamba simu imefanya kazi kuliko dawa.

Halafu Jumatano moja, saa za kutazama wagonjwa, Fidelis akaja mwenyewe. Nilimwona anakata kona ya uzio, kofia mkononi, nikajiandaa na maneno yangu. Nilikuwa nimemwekea moja kuhusu miguu yake.

"Habari za leo, Mwalimu," akasema. "Unaendeleaje?"

Miaka kumi na mbili namjua mtu huyu hajawahi kunisalimia kama binadamu. Mtani wako akikosa utani, ujue kuna msiba.

"Nani kafa?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Amosi? Joeli?"

"Wazima. Kaa, Mwalimu." Akakaa yeye mwisho wa benchi, akaizungusha kofia. "Nimetumwa na wenzangu. Walisema wewe mtani wake, wewe ndiye unaweza kumwambia akacheka. Nimekuja njia nzima natafuta namna ya kuchekesha. Sikuipata."

"Sema basi, unanitesa."

"Gurudumu hatukulipaka mafuta."

Nikasogea karibu nimsikie vizuri.

"Linalia mpaka leo," akasema. "Siku ile linalia kuliko siku zote, watu wameziba masikio, na wewe unatusifu. Tukadhani labda ni simu. Basi Neema wa sauti ya kwanza akasema atakupima. Jumanne iliyofuata akaimba ubeti mzima ameshuka chini ya sauti yake, makusudi kabisa, mimi nimekushika pale mdomoni pake. Kila mtu alisikia. Ukamwambia, safi sana, Neema." Akaiweka kofia kwenye benchi. "Alitoka nje akalia. Simu haina tatizo, Mwalimu. Na tumekaa na jambo hili wiki mbili kwa sababu hatukuwa na moyo wa kukuambia."

Wiki mbili. Nilihesabu hapohapo. Wiki mbili ni sindano kumi na nne.

Nilimfukuza. Siwezi kupamba. Nilisimama nikayumba, nikashika nguzo ya baraza, nikamwambia aondoke yeye na toroli lake na kwaya yake ya waongo, wamenichezea kama mtoto, wamenitazama nazama wakaimba. Nilikohoa, nikalia, nikamtupia kofia yake. Aliokota kofia, lakini hakuondoka. Alikwenda kumwita Sista Agnes.

Sista alivua saa yake ya mkononi akaniwekea sikio la kushoto. "Unasikia?" Sikusikia kitu. Akaweka la kulia. Nikasikia kwa mbali sana, kama mchwa anayetafuna mlango. Hakunigombeza. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Alikaa kitandani kwangu akanishika mkono, akasema, "Kila Jumatatu nilikuuliza, mama yangu."

"Nilijua, Sista," nikasema. "Yalianza wiki ya tatu."

Fidelis alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anasikia. Mimi niliyewaita waongo, nilikuwa nimedanganya kabla yao, tena nimemdanganya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuniuliza. Wao walificha kwa kunihurumia, na mimi nilificha kwa kiburi.

Daktari alisimamisha sindano siku hiyohiyo, akapanga upya dawa nyingine. Aliniambia kinachobaki kitabaki, kilichokwenda kinaweza kisirudi. Sauti za chini nitazisikia vizuri, za juu ndizo zimeondoka. Jioni Amosi alipokuja nilimweleza yote, sikubakiza. Akavuta kiti karibu kuliko inavyoruhusiwa, akasogeza mdomo kwenye sikio la kulia.

"Mbuzi wamekula," akasema kwa sauti yake nzito.

Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Tangu siku ile tulianza kuzungumza tena, mimi na mume wangu, muda mrefu, yeye upande wa kulia. Mama mkwe alipokuja kuniona alileta uji ndani ya kile kikombe changu cha kabatini. Niliunywa wote mbele yake.

Nilitoka wodini jua la Oktoba likiwa limekausha kila kitu, makohozi yakiwa safi, vidonge vya miezi kadhaa vikiwa bado mbele yangu. Nilivimeza vyote, na sahihi ya Amosi, aliyenisimamia nikimeza, ipo kwenye kadi kila siku. Kwaya niliikwepa wiki nzima, na nyingine. Nilikuwa nimeshaamua kuacha. Mwalimu wa kwaya asiyesikia sauti ya kwanza ni sawa na mpishi asiyejua chumvi. Nilitaka niende mara moja, niwaage, nimkabidhi Neema daftari la nyimbo.

Kabla sijamaliza habari hiyo, wewe wa kwenye benchi, sikia. Masikio yakilia, sema. Ukianza kushika kuta, sema. Usiseme kesho, na usisubiri kuulizwa vizuri. Kusema siyo kuacha dawa, mimi nilichanganya mambo hayo mawili. Na wewe uliyemleta mgonjwa, ukiona kitu, mwambie, hata akikutupia kofia. Wiki mbili za huruma zina gharama, na anayelipa ni yeye.

Nilikwenda Jumamosi, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha asubuhi na Kikuyu yote inanukia udongo. Waliposimama wote nikashindwa kuwatazama. Wale wapya walinishangaa, hawakujua kwamba Mwalimu ni mrefu. Nikawaambia ukweli wote, mpaka zile Jumatatu. Nikawaambia sauti ya kwanza ikipanda, mimi siisikii tena, naona midomo tu. Naisikia besi vizuri kuliko zamani.

"Mungu kakuachia adhabu yako," Fidelis akasema kutoka nyuma.

Jamani nilivyomshukuru moyoni! Watu wakacheka na kulia pamoja. Lakini Neema hakucheka. Nilipomnyooshea daftari alirudisha mikono nyuma.

"Silichukui," akasema. "Mimi ndiye niliyekudanganya kwa kuimba. Nikilichukua sitaimba tena."

"Neema, nitawafundishaje nisichokisikia?"

"Tutakuambia."

"Nyie?" Nilicheka kwa uchungu. "Nyie mnaobishana mpaka kesho nani kashuka? Hakuna mtu kwenye kwaya hii aliyewahi kukubali kwamba kashuka. Hata mmoja!"

Walijua ni kweli. Walitazama chini. Kwaya zote ziko hivyo, kosa ni la jirani. Lakini Neema alikuwa amekwisha kusimama mahali pake, na wenzake wakamfuata, na Mzee Elisha akasema basi Mwalimu tupigie mapigo tu, mara ya mwisho kama unataka, tuagane vizuri. Nikanyanyua mikono.

Wakaimba. Besi ilinijaa kifuani, tamu, nzito. Sauti ya tatu niliisikia, ya pili nusu nusu. Ya kwanza ilikuwa midomo inayofunguka na kufungika, na shingo ya Neema ikikaza kwenye mstari wa juu, ule ambao kila mwaka huwa wanauangusha. Nilijua wamefika hapo. Nilijua pia kwamba wakiuangusha nitaendelea kupiga mapigo nikitabasamu, kama siku ile, na hakuna atakayenilaumu. Nilisikia uchungu mkubwa kuliko sindano zote.

Ndipo Neema akanyoosha mkono juu, katikati ya ubeti. Kwaya nzima ikasimama.

"Tumeshuka, Mwalimu," akasema, kwa sauti kubwa, ili niisikie. "Ni mimi. Nimeshuka mimi."

Mwanamke aliyekuwa kando yake naye akanyoosha. "Na mimi."

Nililiweka daftari mezani, nikajifuta uso na kitenge, nikawaambia wakae wima, wafungue midomo, turudi mwanzo.